Tangu nistaafu usingizi umenikimbia, na hasira imehamia mahali pake

Ndugu Mshauri,

Salamu nyingi. Mimi ni mzee wa miaka 62, mkazi wa Mkolani hapa Mwanza. Kwa miaka 34 nilifanya kazi katika vyumba vya injini vya meli za ziwani, nikianza kama kijana wa kupaka grisi na kufuta mafuta sakafuni, hadi nikawa mtu wa kuamshwa usiku pampu ya dizeli inapogoma. Nilistaafu kwa mujibu wa sheria nilipotimiza miaka 60. Mafao niliyapata, nikamalizia nyumba, nikajenga vyumba vitatu vya kupangisha, na pensheni ya kila mwezi inatosha chakula na matibabu. Naeleza haya ili usidhani kwamba ninalalamika kwa sababu ya njaa.

Shida yangu ni kwamba siku hainipiti. Mama watoto wangu ananunua na kuuza dagaa katika soko la Mwaloni, Kirumba, na huondoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri. Mjukuu wetu wa darasa la tano naye akishakwenda shule, nabaki mimi na televisheni. Jioni hupita baa iliyo karibu na kwangu. Zamani bia 2 zilinitosha. Sasa hufika 4, mara nyingine 5, nazo nazinywa peke yangu kwa kuwa vijana wa pale mazungumzo yao ni mpira tu. Narudi, nalala kama gogo, lakini saa tisa usiku macho yamefumbuka kana kwamba nimeitwa zamu. Hapo ndipo mawazo huja. Kuna usiku mmoja au miwili nimewaza kwamba heri ningetangulia mimi.

Katika zahanati walinipima presha wakakuta 158 kwa 96, nikapewa vidonge, ambavyo navimeza kichwa kinapouma. Hasira nayo imezidi. Juzi mjukuu aliifungua redio yangu kwa bisibisi akashindwa kuirudisha, nikampiga kofi ambalo hata mimi lilinishtua. Siku tatu mtoto hakukaa nami mezani. Jumuiya nimeacha kwenda, kwa sababu kila mtu huniuliza siku hizi niko wapi. Bandarini sijakanyaga tangu afariki mwenzangu niliyekula naye chakula cha mchana kwa miaka 19, miezi miwili baada ya sisi kustaafu. Tulimzika kwao Sengerema, na matangani nililala usiku mmoja tu kwa kuwa nilitakiwa mjini kufuatilia faili la mafao. Chupa yake ya chai bado iko kabatini kwangu.

Maswali yangu ni matatu. Kijana wetu aliye Dar es Salaam anataka tuuze nyumba tukaishi naye: je, nikubali? Pale stendi ya Nyegezi kuna kijana anauza dawa ya mitishamba ya kurefusha maisha, shilingi 45,000 kwa chupa, naye anasema inatibu presha, sukari, kukosa usingizi na upungufu wa nguvu: je, ninunue? La tatu, baba yangu alifika miaka 91 akilima pamba huko Magu bila kujua kidonge ni nini. Mtu wa umri wangu afanye nini ili naye afike huko, bila kuwa mzigo kwa wengine?

Fundi Mstaafu, Mkolani

MSHAURI ANAJIBU

Shikamoo, mzee wangu.

Barua yako inataja presha kwa tarakimu, bia kwa idadi na dawa ya stendi kwa bei yake kamili. Mwenzako wa miaka 19 amepata sentensi tatu tu, tena zikiwa zimebanwa kati ya jumuiya na maswali yako matatu, na ya tatu inahusu chupa ya chai. Nimeisoma barua hii mara kadhaa, na kila mara nimerudi pale pale. Maswali yako nitayajibu, lakini naamini kwamba uliyoyaeleza kabla ya sentensi hizo na baada yake yote yanatokana nazo kwa namna fulani.

Kabla ya yote, niseme juu ya ule usiku uliowaza kwamba heri ungetangulia wewe. Wazo la namna hiyo halimfanyi mtu kuwa mwoga wala mkosefu, lakini halifai kulala nalo peke yako chumbani. Mwambie mama watoto wako leo, akirudi kutoka Mwaloni, kwa maneno yale yale uliyoniandikia. Kisha nenda ukaonane na daktari wiki hii, na humo ndani usiseme presha tu. Sema usingizi, sema hasira, sema bia, sema na wazo hilo. Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Bugando ina idara ya afya ya akili, na zahanati au hospitali iliyo karibu nawe inaweza kukuandikia rufaa ya kwenda huko. Wazo hilo likirudi kwa nguvu, au ukajikuta unapanga namna, usingoje asubuhi: mwamshe mtu, na mwende hospitali usiku huo huo.

Wataalamu wana neno sonona, kwa maana ya hali ambamo kwa muda wa wiki mbili au zaidi moyo huwa mzito karibu kila siku, hamu ya mambo uliyoyapenda hupotea, usingizi huvurugika na mtu hujiona hana thamani. Kwa wanaume wengi hali hii haiji kwa machozi. Huja ikiwa imevaa hasira na pombe, na ndiyo sababu nyumba nzima hulalamika kwamba mzee amekuwa mkali, bila mtu kufikiri kwamba mzee anaumwa. Mimi siwezi kukupima kwa barua. Ninachoweza kusema ni kwamba dalili ulizozitaja zinatosha kumpelekea daktari, na kwamba sonona inatibika.

Sasa nirudi kwa mwenzako. Ulistaafu, na ndani ya miezi miwili ukapoteza kazi, saa za kazi, jina uliloitwa kazini, na mtu pekee aliyekuwa akijua maana ya pampu kugoma usiku katikati ya ziwa. Tena hukupata nafasi ya kumlilia. Watu wa huku wanajua vizuri kwa nini wanaume hukaa nje matangani, usiku baada ya usiku, wakiota moto na kuzungumza habari za marehemu hadi wanafika mahali pa kucheka. Msiba hutawanywa kwa watu wengi, kila mtu akaondoka na kipande chake. Wewe ulipata usiku mmoja, kisha ukaenda kusimama kwenye foleni ya mafao. Sikulaumu hata kidogo, kwa sababu faili la mafao halisubiri mtu, na nina hakika marehemu, ambaye naye alikuwa na faili lake, angekuwa wa kwanza kukuambia uende. Hata hivyo nadhani wewe mwenyewe unajilaumu, na kwamba bandari unaikwepa kwa sababu hiyo kuliko sababu nyingine yoyote.

Huenda unajiuliza haya yanahusiana vipi na kuishi miaka mingi. Yanahusiana sana. Mwaka 1938, katika jiji la Boston huko Marekani, watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard walianza kufuatilia maisha ya vijana wa kiume, ambao jumla yao ilifikia 724: baadhi wanafunzi wa chuo hicho, wengine watoto wa mitaa maskini ya jiji. Waliwapima damu, wakawahoji kuhusu kazi, ndoa, ulevi na magonjwa, wakaendelea hivyo mpaka wazee hao walipoanza kufariki, na utafiti ungali unaendelea hadi leo kwa watoto wao. Walipotazama nyuma ili wajue ni nini katika umri wa miaka 50 kiliashiria afya njema katika miaka 80, jibu halikuwa kiwango cha lehemu, yaani aina ya mafuta, katika damu. Lilikuwa ni jinsi mtu alivyoridhika na uhusiano wake na watu wa karibu. Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2010, ulikusanya matokeo ya tafiti 148 zenye watu zaidi ya 300,000, ukaonyesha kwamba wenye uhusiano mzuri na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa kiasi cha asilimia 50, wa kuwa hai mwishoni mwa kipindi cha kufuatiliwa. Ni kweli kwamba Boston si Mkolani, wala vijana wale hawakuwa mafundi wa meli za Ziwa Victoria. Lakini jibu lao linafanana mno na maisha ya baba yako kule Magu, ambaye umemtaja kana kwamba siri yake ilikuwa kutomeza vidonge.

Baba yako, mzee wangu, hakuna aliyempima presha, kwa hiyo hatujui alikuwa nayo kiasi gani. Na wenzake wa rika lake waliokufa ghafla wakiwa na miaka 55 hatuwahesabu, kwa sababu hawapo kutusimulia. Tunachokijua ni kwamba alitembea kwenda shamba kila siku, alikula viazi na mboga kuliko vitu vya kukaangwa, alilala giza lilipoingia, na palizi ya pamba ilipowadia bila shaka hakupalilia peke yake. Hilo la mwisho ndilo unalolikosa wewe. Vidonge yeye hakuvihitaji, au alivihitaji asijue. Wewe umepimwa, na unajua.

Kwa hiyo vidonge vimeze kila siku, saa ile ile, kichwa kiume kisiume. Kwa kawaida presha hufikia kiwango cha kutibiwa inapokuwa 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vilivyorudiwa siku tofauti, na ubaya wake ni kwamba mara nyingi hainong'oni neno lolote mpaka siku inapopasua mshipa wa ubongo au kuchosha moyo na figo. Kumeza dawa kichwa kinapouma ni sawa na kumwaga oili katika injini baada ya kusikia vyuma vinasagana, na sidhani kama ungemvumilia msaidizi wa namna hiyo chumbani mwako hata kwa zamu moja.

Bia nazo ndizo zinazokuamsha saa tisa. Pombe humlaza mtu haraka, lakini mwili ukishaivunja, nusu ya pili ya usiku huwa ya usingizi mwepesi uliokatikakatika, na anayelala saa nne akiwa na bia 4 tumboni hana ajabu ya kuitazama dari saa tisa. Zaidi ya hapo pombe hupandisha presha na kuuongeza uzito wa moyo ule ule uliokwenda baa kuupunguza. Nakuomba umwambie daktari idadi ya kweli, si ile ya kumpendeza, kwa sababu mtu aliyezoea kunywa sana kila siku hashauriwi kuacha kwa mkupuo bila kusimamiwa. Mwili unaweza kutetemeka, hata kupata degedege. Mpunguze pamoja, kwa mpango. Na zile atakazokuruhusu, ikiwa ataruhusu, usizinywe peke yako.

Juu ya chakula sina mengi, kwa maana anayeishi na muuza dagaa yuko nusu ya safari tayari. Dagaa wa kuanikwa juani bila chumvi ni chakula kizuri, na sato wa kuchemsha vilevile. Anayekuharibia ni kayabo, yaani samaki aliyekaushwa kwa chumvi, pamoja na kawaida ya kuongeza chumvi mezani kabla hujaonja. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidi gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani karibu kijiko kimoja cha chai, ikiwamo ile iliyo ndani ya samaki na ndani ya viungo vya paketi. Kwa mlaji wa kayabo kiasi hicho kinaweza kwisha kabla jua halijafika utosini.

Shirika hilo hilo linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kutembea kwa mwendo wa haraka kunatosha. Wengi hushindwa kwa sababu wanatembea bila kuwa na mahali pa kwenda, na kutembea bila safari kuna kuchosha kwake, hasa katika mji wetu huu wa vilima na mawe. Pendekezo langu ni jingine. Saa kumi na moja alfajiri wewe tayari uko macho. Inuka, mbebee mama watoto wako ndoo zake, msindikize hadi kituo cha daladala, kisha urudi kwa njia ndefu kunapopambazuka. Ndani ya tendo hilo moja utapata mazoezi, mwanga wa asubuhi ambao husaidia mwili kujua usiku ni lini, na mazungumzo na mtu ambaye, nikihesabu kwa barua yako, humwoni ukiwa na akili timamu isipokuwa asubuhi. Mara moja kwa wiki panda naye hiyo daladala hadi Mwaloni. Kuna vijana huko wanaohangaika na injini za mitumbwi, na mtu mwenye miaka 34 ya pampu na nozeli hawezi kusimama pale kwa nusu saa bila kuulizwa jambo. Usidai malipo mwanzoni, kaa tu. (Ukiona vijana wanaruka majini nawe ukatamani, kumbuka kichocho: maji ya ukingoni kwenye majani ndiko konokono wake wanakoishi.)

Dawa ya stendi usinunue. Dawa moja inayodai kutibu presha, sukari, usingizi na nguvu kwa pamoja inapaswa kumtia mtu shaka kabla hajauliza bei. Sikatai mitishamba kwa jumla. Nchi yetu ina Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, linalosajili waganga na dawa zao, na mwenye dawa ya kweli hashindwi kuonyesha usajili wake. Lakini hakuna anayejua kilichomo ndani ya chupa hiyo, wala kitafanya nini kikikutana na vidonge vyako tumboni.

Kuhusu Dar es Salaam, usiuze nyumba mwaka huu. Nenda ukakae na kijana wako mwezi mmoja kama mgeni, urudi, kisha mzungumze. Uamuzi wa kuuza unaofanywa na mtu mwenye msiba moyoni mara nyingi ni uamuzi wa kuukimbia msiba, nao hupanda basi pamoja na mtu. Tena sikuona mahali ulipomuuliza mama watoto wako, ambaye wateja wake wote wako Kirumba. Ukimhamisha, mtakuwa wastaafu wawili mbele ya televisheni moja.

Mjukuu nimemwacha karibu na mwisho kwa sababu nimempenda. Mtoto wa darasa la tano anayefungua redio kwa bisibisi ili aone kilichomo ndani ameirithi tabia hiyo mahali fulani, na wewe unajua ni wapi. Mwombe radhi kwa lile kofi. Najua kwamba katika malezi yetu babu hamwombi radhi mjukuu, na wapo watakaokuambia kwamba utavunja heshima yako. Mimi nasema mtoto aliyekaa siku tatu mbali na meza yako ameshaiona heshima hiyo ikivunjika, na wewe ndiye mwenye kuirudisha. Kisha toa sanduku lako la spana, ketini chini, na iwekeni ile redio kati yenu. Hata isipopona, jioni hiyo hutakuwa baa.

Inabaki safari moja. Siku hizi mtu anaweza kwenda Sengerema kwa gari, akipita juu ya daraja la Kigongo na Busisi lenye urefu wa kilomita 3, lililofunguliwa Juni 2025. Wewe usipite huko. Nenda mjini, panda kivuko cha Kamanga, simama pale utakaposikia injini chini ya miguu yako, na ukijikuta unalia acha ulie; abiria wa vivuko wamekwisha kuona mengi. Mpigie mjane simu siku moja kabla, asije akadhani umeleta habari mbaya. Mwambie wazi kwamba uliondoka matangani mapema na kwamba jambo hilo limekukaa, kisha mwache azungumze yeye, maana bila shaka naye ana miaka 19 ya kuhadithiwa habari zako kila jioni.

Chupa ya chai ipeleke, ila usiipeleke tupu. Mama watoto wako aijaze chai ya maziwa kabla hajaondoka kwenda Mwaloni, nawe ukifika uombe vikombe viwili.